Kibanda cha maziwa na karanga Kirumba, miezi minne baadae

Niseme mapema mi sio mtu wa kuandika andika mambo ya chakula, kazi yangu ni cherehani, ila kuna kibanda cha maziwa huku Kirumba, Mwanza, nimekuwa mteja wa kila siku kwa miezi minne sasa, na watu kadhaa wameniuliza fundi mbona umepungua na kila tukipita tunakukuta na glasi ya maziwa na karanga mkononi, si ndo vitu vya kunenepesha hivo? Nikaona badala ya kumweleza kila mmoja pale dukani huku wengine wanasubiri nguo zao, bora niandike mara moja yaishe.

Kibanda chenyewe hakina jina. Kuna ubao wa bluu umeandikwa kwa rangi nyeupe MAZIWA FRESHI, MTINDI, KARANGA, alafu chini kabisa kwa mwandiko wa mtu mwingine KOROSHO ZIPO. Ni ukitoka uwanja wa CCM Kirumba unashuka kama unaelekea mwaloni, kule soko la samaki la ziwani, zaidi ya hapo sisemi maana foleni iliyopo inanitosha. Benchi moja, friji moja ya mlango wa kioo, jiko la gesi lenye sufuria kubwa kama la shughuli, na mama mwenyewe ni mtu wa makamo, Msukuma wa Misungwi, ukimwamkia "Mwangaluka mayu" hata kama wewe ni Mhaya au Mkerewe anafurahi mpaka basi. Upepo ukigeuka harufu ya dagaa wa mwaloni inafika mpaka kwenye benchi, sisi tushazoea, mgeni atakunja pua siku ya kwanza.

Nilifikaje pale. Mwezi wa kwanza nilienda kituo cha afya kupima presha tu, wakanipandisha na kwenye mzani, kilo 94, na sukari wakasema iko mpakani, haijawa kisukari ila inakwenda huko. Nesi hakunifokea. Akaniuliza unakula nini kutwa, nikamtajia, asubuhi chai na chapati moja, mchana wali maharage, saa kumi maandazi mawili na soda, usiku ugali kidogo na dagaa. Akasema na kingine? Nikasema hakuna. Akanitazama hivi.

"Dada, na ukiwa kwenye cherehani hutafuni kitu?"

Hapo ndo nikakumbuka karanga.

Nyie wa kazi za kukaa mtanielewa. Mguu uko kwenye pedali, macho yako kwenye uzi, mkono ukipata nafasi kidogo tu unaenda wenyewe kwenye kipakti cha karanga, na wale vijana wa beseni wanapita kila baada ya muda, karangaaa, unamwita bila hata kufikiria. Pakti za mia mbili nilikuwa namaliza tano kwa siku na kiukweli kichwani mwangu hazikuwa chakula, zilikuwa kitu cha mdomo kisikae bure. Nikanunua kamzani kadogo ka jikoni, pakti moja ikasoma gramu 35. Mara tano ni 175. Karanga gramu 100 zina kalori kama 567, piga hesabu mwenyewe, mi nilipiga mara mbili kwa kutoamini, inakuja karibu kalori elfu moja, yaani kwa mwanamke wa kukaa kama mimi hiyo ni nusu ya chakula cha siku nzima nilikuwa naitafuna huku napinda mikunjo ya suruali za shule, alafu jioni nalalamika nakula kama ndege na mwili hauteremki.

Nilijua nesi ataniambia niache kabisa. Hakusema hivo na ndo maana nilimsikiliza. Alisema mafuta ya karanga mengi yake ni yale yasiyo na ugomvi na moyo, protini ipo, nyuzinyuzi zipo, shida ni kiasi, chukua kiganja kimoja kisichorundikwa, gramu 30 hivi, hapo una kalori kama 170 na protini gramu 7. Na maziwa vilevile, glasi ya robo lita ya maziwa yenye mafuta yake ni kalori kama 150, protini gramu 8, na kalsiamu inakaribia miligramu 300, kwa mwanamke anayeelekea utu uzima hiyo kalsiamu sio ya kuchezea. Ila akaniambia neno moja nikalishika, usiviweke JUU ya ulivyokuwa unakula, viweke MAHALI PA kitu. Kwaiyo maandazi mawili na soda ya saa kumi vikatoka, kikombe cha karanga na glasi ya maziwa vikaingia. Kwa kalori hazijapishana sana mkikaa mkahesabu, labda hata zimepungua kidogo, ila nilivyokuwa nakula maandazi saa kumi na mbili nishaanza kuchungulia sufuria, na siku hizi naenda mpaka saa mbili usiku tumbo limetulia. Na zile pakti tano zikafa. Hapo ndo palipopungua uzito, sio kwamba maziwa yana dawa.

Sasa turudi kwenye kibanda maana ndo nakisifia. Karanga pale hazipimwi kwa pakti, mama anapima kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, anachota, anapitisha kidole juu kusawazisha, anakumiminia kwenye karatasi. Mi ni mtu wa futi, siwezi kuona kipimo nikakiamini hivi hivi, siku ya kwanza nilizibeba nyumbani bila kugusa hata moja nikaweka kwenye mzani, gramu 31. Siku ya pili 29. Ya tatu 32. Nikasema huyu mama ni fundi mwenzangu. Kikombe kimoja mia mbili, kama vijana wa beseni, sema hapa unajua unachokula. Glasi ziko mbili, ndogo ya robo lita 600 na kubwa ya nusu lita 1,000, na hapo ndo pana mtego kwa sababu kubwa inaonekana ya faida, kila mtu mpya anachukua kubwa. Ukiwa kwenye mambo ya kujipimia chukua ndogo ukae kimya, ile faida ya mia mbili utaivaa kiunoni.

Ila kikwazo kikubwa pale sio bei wala glasi, ni NYONGEZA. Mnajua sisi huku, mtu akikuuzia kitu bila kukuongeza anajiona mchoyo. Unamaliza glasi anakuuliza nikuongeze? hajasubiri jibu keshamimina. Karanga ukishazipokea anachota tena kwa vidole vitatu anaweka juu. Siku moja nilizipima zile za vidole vitatu peke yake, gramu 12, sawa na kalori kama 70, na maziwa ya nyongeza tuseme kalori 50, kwaiyo upendo wa mama kwa siku ni kalori 120 na mi niko pale siku sita kwa wiki. Nikajikaza nikamwambia.

"Mayu, leo usiniongeze."

Akasimama na kijiko mkononi. "Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea mama, nimeambiwa nipunguze mwili."

"Mwili gani? Wewe si umenawiri tu mwanangu. Aliyekwambia hivo ana wivu."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Wiki nzima alinipimia kikombe sawasawa, hanisemeshi, ananipa kama ananilipa deni. Iliniuma. Mwisho nikapata akili, nikamwambia mama ile nyongeza yangu ipo palepale, mpe huyu kijana wangu, maana naenda na kijana ananisaidia kukata vitambaa, mwembamba kama sindano. Uso ukamfunguka. Tangu siku hiyo mi napewa kipimo na kijana anapewa nyongeza yangu na yake juu, na amani imerudi.

Maziwa yenyewe ni mazuri. Yanakuja asubuhi kwa bodaboda kwenye keni za aluminiamu, kabla ya kuyapokea anatumbukiza kile kipimo cha kuelea kuangalia kama yamechakachuliwa maji, siku moja nimeona kwa macho yangu kamrudisha kijana na keni nzima na maneno juu. Kisha anachemsha mbele yenu, yakipanda anapunguza moto anakoroga, yanachemka tena kidogo ndo anazima. Hii mi naipa maksi nyingi kuliko hata ladha. Kuna watu bado wanataka mabichi, eti ndo yana nguvu, bibi yangu mwenyewe alikuwa wa hivo, lakini maziwa mabichi yanabeba brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba, kwa binadamu unakuja kama homa isiyokwisha na viungo kuuma mpaka watu wanatibiwa malaria miezi, na TB ya ng'ombe inapita humohumo. Na kuyagandisha yawe mtindi hakutoshi kuua hivo vitu, kwaiyo hata mtindi uliza kama maziwa yalichemshwa kwanza. Pale yanachemshwa.

Ule utando wa juu anauengua anaweka pembeni kwa ajili ya samli. Ukimwambia nataka yaliyoenguliwa vizuri anakuchotea ya chini, mafuta yanapungua kidogo, kalsiamu na protini sehemu kubwa vinabaki kwenye maziwa. Usije ukadhani ndo maziwa yasiyo na mafuta yale ya dukani lakini, yale yameondolewa kwa mashine na glasi yake inashuka mpaka kalori 85 au 90 hivi. Mi nilijaribu ya dukani wiki moja nikashindwa, ni kama maji yaliyooshea maziwa, bora nipunguze glasi ninywe kitu chenye ladha.

Mtindi ni mzito, mchachu wa kweli, unakatika kwa kijiko. Dada yangu akinywa maziwa freshi tumbo linamnguruma kama lori la kupanda Bugando, ila mtindi haumsumbui, nasikia ni kwa sababu wale bakteria wa kugandisha wanakuwa wameshaila sehemu ya ile sukari ya maziwa inayowashinda watu wengi wakishakuwa wakubwa. LAKINI angalieni sukari. Usiposema kitu anaweka vijiko vitatu vya kurundika bila kukuuliza, hapo umeongeza kalori zaidi ya 50 juu ya mtindi, na mtu mwenye sukari mpakani kama mimi ndo kitu cha kwanza cha kukimbia. Sema BILA SUKARI kabla hajashika kijiko, akishashika umechelewa. Wiki ya kwanza utakunja uso, ya pili ulimi unazoea, mi sasa nikionja wa dada yangu naona kama siropu ya mtoto.

Kwenye karanga kuna kitu mama anafanya sijakiona kwingine. Kabla ya kukaanga anazimwaga kwenye ungo anachambua moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote zinaenda kwenye kopo la kutupa, na hawapi kuku. Nikamuuliza kwa nini hata kuku, akasema sumukuvu mwanangu, itarudi kwenye yai. Sikutegemea lile jibu kwenye kibanda. Kwa wasiojua, hiyo ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, kukaanga hakuiondoi yote, na ukiila miaka na miaka inaharibu ini mpaka kansa, ikiwa nyingi inaua kwa muda mfupi, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu. Kuna duka jingine hapa mjini silitaji nilinunua karanga za pakti ya kupendeza kabisa, kufungua zinanuka godoro la mvua, nyingine chungu, nilipowarudishia wakaniambia karanga ndo zilivyo. Karanga sio chungu jamani. Ukikuta chungu tema, wala usimalizie kwa kuogopa hasara ya mia tano.

Chumvi. Anakaanga mikupuo miwili, wa asubuhi hauna chumvi na wa mchana umenyunyiziwa maji ya chumvi. Wenye presha wahini ule wa asubuhi, kabla ya saa tano, hazitangazwi mpaka uulize.

Korosho zipo kweli ila sizishauri. Sio kwa ubaya, ni tamu, zimetoka Mtwara huko, lakini kipakti cha gramu 30 ni 2,000 na kalori ni zilezile za karanga, protini yake hata ni pungufu kidogo. Kwa pesa hiyo nakunywa maziwa siku tatu na chenji inabaki. Na kuna mjuaji mmoja kwenye benchi anapenda kusema karanga sio njugu za kweli ni jamii ya maharage kwa sababu ni mbegu za kwenye ganda kama kunde, ni kweli bwana, lakini tumboni inakuhusu nini.

Kitu ambacho kilinipiga chenga mwanzoni ni karanga za kwenye mboga. Unapima kikombe chako saa kumi kwa uaminifu, kumbe mchana ulishakula mchicha umeungwa karanga na usiku dagaa wameungwa karanga, kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa ni karibu kalori 95 na mpishi wa kwetu hatumii kimoja. Siku hizo siendi kibandani kuchukua karanga, nakunywa maziwa tu. Jumapili mama mkwe akileta matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga za kuchemsha napo nahesabu hiyohiyo ndo ya leo, simwambii lakini.

Na kama una watoto wadogo usiwanunulie karanga nzima nzima wakatafune kwenye benchi huku wanacheza, zinapalia vibaya, wape maziwa.

Mabaya ya pale sasa, yapo. Glasi zinasuuzwa kwenye beseni moja na yale maji hayabadilishwi mara nyingi kama inavyotakiwa, nimeshasema mara mbili kwa upole, mi nimeishia kubeba kikombe changu cha plastiki chenye alama za mililita, kinanisaidia na kujua robo lita imefika wapi. Umeme ukikatika mchana kutwa mtindi unachachuka mpaka unasisimua meno, siku hizo acha. Siku ya mechi usithubutu, watu wanashuka kutoka uwanjani kama siafu na mama anaacha kusawazisha kikombe, anachota tu, nilipima siku moja nikakuta gramu 44. Benchi halitoshi. Lipa namba ipo ila simu yenyewe anayo binti yake na binti mara nyingi hayupo, beba chenji.

Matokeo, maana najua ndo mnayosubiri. Nilianza na kilo 94, juzi nimekuta 88. Kiuno nimejipima kwa futi yangu mwenyewe, inchi 42 imekuja 39 na nusu, na sijavuta futi, wateja wangu wanajua sivuti. Sukari sijarudia kupima, nimepangiwa mwezi ujao. Nisidanganye pia, jioni siku hizi natembea mpaka Pasiansi badala ya kupanda daladala, na wali nimepunguza kutoka sahani ya mlima mpaka sahani ya kawaida, kwaiyo sio kibanda peke yake.

Jumapili hawafungui, siku nyingine saa moja asubuhi mpaka maziwa yaishe, mara nyingi saa kumi na mbili jioni wameshafunga. Mkienda semeni bila nyongeza mapema kabisa, au nendeni na mtu wa kupokea. Mi wa kwangu, yule mwembamba kama sindano, jana wateja walipoondoka alibaki amesimama mlangoni na suruali mbili mkononi, nikamuuliza vipi, akasema fundi samahani, naomba unitanulie kiunoni.